Sarafu ikirushwa ndani ya matatu, mbona haibaki nyuma?

Kange_wa_Jogoo
Wadau, mimi ni makanga, laini ya Buruburu, mwaka wa tisa huu. Jana usiku tukirudi tupu kutoka tao nilikuwa nachezea sarafu ya ishirini, ile ya ndovu. Narusha, nadaka. Dere akaniuliza: gari liko 60, sarafu ikiwa hewani hakuna anayeisukuma, mbona haiangukii kiti cha nyuma? Nikamwambia mlango umefungwa, hewa ya ndani ndiyo inaibeba. Akanicheka. Hewa gani ya kubeba chuma?

Halafu kuna hili ninalolijua kwa miguu yangu: ukiruka gari halijasimama, lazima ukimbie hatua tatu nne kule linakoelekea, la sivyo unabusu lami. Kovu la kiwiko ninalo, la wiki ya kwanza kazini. Je, haya mawili ni kitu kimoja?

Mwalimu_Mstaafu
Ni kitu kimoja, kijana wangu. Kinaitwa inesha. Kilichotulia hubaki kimetulia. Kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani fulani ikiingilie. Newton aliiweka kuwa kanuni yake ya kwanza mwaka 1687.

Sarafu ilipokuwa mkononi mwako ilikuwa tayari inakwenda 60 kama wewe. Ukiirusha juu kiasi cha nusu mita, inakaa hewani kama sekunde 0.6. Kwa muda huo matatu imesonga mita 10. Sarafu nayo imesonga mita 10. Hakuna wa kumwacha mwenzake.

Mlango kufungwa kuna maana, ila si hiyo uliyoitaja. Galileo, katika kitabu chake cha 1632, aliwataka wasomaji wajifungie chini ya sitaha ya meli kubwa, na vipepeo na chombo kinachodondosha maji. Meli ikienda bila kuyumba, matone huangukia palepale kama imetia nanga. Alitaka wajifungie ili upepo usiingilie.

Waliomfuata Aristotle waliamini kisichosukumwa husimama. Siwalaumu. Mkokoteni wa Gikomba ukiuachilia unasimama kweli, lakini ni msuguano unaousimamisha.

Dere_wa_Bauza
Mwalimu, mimi nabeba maji. Tangi likijaa pomoni, naendesha nikipiga mluzi. Likiwa nusu, ndiyo balaa: nakanyaga breki, gari linatii, maji hayajapata habari. Yanakuja mbele yote kwa pamoja yanalisukuma gari katikati ya makutano. Na kwenye raundiabauti kuna nguvu inayoyavuta nje.

Mwalimu_Mstaafu
Hiyo ya mwisho nakataa. Hakuna kinachoyavuta nje. Maji yanataka kunyoosha njia, wewe ndiye uliyekata kona. Yanaendelea na safari yao mpaka ukuta wa tangi uyageuze. Abiria anayemlalia jirani yake kwenye kona yuko vivyo hivyo, isipokuwa wale wanaofanya makusudi.

Mama_Pendo
Sasa nimeelewa swali la mwanangu. Aliniuliza kwa nini helikopta ikining'inia juu ya Wilson, uwanja wa ndege wa hapa Nairobi, isingoje dunia izunguke, ishuke Kisumu bila kuchoma mafuta. Nilimwambia amalize ugali.

Mwalimu_Mstaafu
Mtoto ana akili, Mama Pendo. Hapa kwetu karibu na ikweta ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kama helikopta ingeachwa nyuma, Kisumu ingefika chini yake kwa dakika kumi hivi. Lakini iliporuka ilikuwa na mwendo uleule wa ardhi, na hewa inayoizunguka pia.

Kange, jaribu hili: irushe sarafu wakati dere anapofunga breki.

Kange_wa_Jogoo
Nimejaribu asubuhi, tukikaribia steji ya City Stadium. Sarafu imeniruka, ikaenda mbele karibu mita nzima, ikamwangukia mzee mmoja mapajani. Ameitia mfukoni akasema asante, alidhani ni chenji yake.