Naombeni ushauri: tai chi ya alfajiri ufukweni, ni sanaa ya mapigano au mazoezi ya viungo tu?

GojuWaKinondoni

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Mimi nina miaka 46, karate nimeanza nikiwa sekondari, staili ya Goju-ryu, mkanda mweusi nimeupata nikiwa nimeshaoa, na mpaka mwaka juzi jioni nilikuwa nafundisha watoto wa mtaani kwetu. Sasa goti la kulia limechoka, daktari kaangalia eksirei akasema gegedu inalika, kuruka niache, mateke ya juu niache, nitembee na niogelee. Kutembea natembea, lakini mtu umekaa dojo (ukumbi wa karate) miaka 30 kutembea peke yake hakukushibishi jamani.

Ndo rafiki yangu aliyesoma China akanionyesha tai chi, ile ya Kichina ya polepole, fomu (mpangilio) ya miondoko 24. Huu mwezi wa nne. Naenda Coco Beach saa kumi na moja na nusu kabla watu hawajajaa, navua viatu, nasimama mchangani naanza, na kiukweli naipenda, ule upepo wa bahari na yale mawimbi pumzi inashuka yenyewe mpaka chini ya kitovu. Tatizo nikimaliza goti linauma kuliko nilivyoenda, siku nyingine mpaka mchana, wakati kila mtu anasema hii kitu ni nzuri kwa magoti. Halafu kijana niliyemfundisha zamani kanikuta akaniuliza sensei (mwalimu) umeacha karate siku hizi? Iliniuma manake sikuwa na jibu. Na mzee mmoja wa kukimbia alisimama akaniuliza kwa upole kama nafanya dawa. Naombeni mawazo, niendelee au niache?

AlfajiriBeijing

Mkuu pole na goti. Mi niko Beijing mwaka wa nne nasoma, alfajiri naenda bustani ya Tiantan, pale penye miti ya saiprasi ya miaka mamia, wazee wamejaa chini yake kila kikundi na staili yake. Nikuambie kitu kimoja uje ukiangalie kesho. Ule mwondoko wa kugawa manyoya ya farasi, unaoufanya mara tatu mwanzoni, kabla ya hatua inayofuata lazima ugeuze unyayo wa mbele nje kama nyuzi 45. Wengi tunaugeuza huku uzito wote uko juu yake, kiuno kimeshaenda, unyayo umeng'ang'ania chini, anayeumia ni goti liko katikati linasokotwa. Bibi anayetuongoza alinishika paja akanisukuma nyuma taratibu mpaka vidole vya mguu wa mbele vikanyanyuka vyenyewe, ndo akasema haya sasa geuza. Mguu mtupu ndo unageuzwa. Mimi goti liliacha kuuma ndani ya wiki mbili tu na nilikuwa nimeshakata tamaa.

Na huo mchanga mkavu achana nao, mguu unazama halafu ukigeuka haufuati. Nenda pale maji yalipotoka, palipo pagumu, au kwenye majani, na vaa raba za soli nyembamba.

Kuhusu kupigana, asili yake ni mapigano kabisa. Imetoka kijiji cha Chenjiagou mkoa wa Henan, kwa ukoo wa Chen, karne ya 17, halafu Yang Luchan (1799–1872) aliyejifunzia pale ndo akaja kuifundisha huku Beijing. Ila hiyo fomu yako ya 24 ilipangwa mwaka 1956 na kamati ya michezo ya serikali, waliichukua staili ya Yang wakaifupisha makusudi wananchi wengi waweze, dakika tano sita umemaliza. Kwa hiyo ulichoshika wewe ni kile kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya afya. Cha kupigana kipo lakini hakifanywi peke yako, kinaitwa tuishou, kusukumana mikono, mnasimama wawili mmegusana vifundo vya mikono mnatafutana nani atapoteza msimamo.

BoksaTemeke

Mi nasema ninachokiamini na sina nia ya kumvunja mtu moyo. Mwaka 2017 kule Chengdu, Xu Xiaodong ambaye ni mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko) alipambana na Wei Lei aliyekuwa anajulikana kama mwalimu wa tai chi, nusu dakika haikufika mwalimu yuko chini. Ile vidio niliangalia mara nyingi sana. Kilichomponza kwa macho yangu ni kwamba hakuzoea kurushiwa ngumi ya mtu anayetaka kweli kumpiga, na hilo hata mwenye karate ya kata tupu (miondoko ya kufanya peke yako) litamkuta, hata boksa wa kupiga begi tu. Kwa hiyo kaka kama unataka kujilinda usitegemee fomu peke yake, ila kama unataka mwili ukae sawa ufike 70 unatembea mwenyewe basi usiache. Kocha wangu wa zamani leo hii kupanda ngazi anashikiliwa na mjukuu.

FisioMombasa

Habari zenu, mimi ni fisio (mtaalamu wa tiba ya viungo), niko Mombasa. Kaka hayo magoti yamefanyiwa utafiti. Boston Marekani, matokeo yakachapishwa 2016, wagonjwa 204 wenye goti linaloliwa kama lako, wengine wakafanyishwa tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 na wengine fisiotherapi ya kawaida, maumivu yakapungua makundi yote mawili karibu sawa. Na Oregon, huko huko Marekani, 2018, wazee 670 wa miaka 70 kwenda juu, waliofanya tai chi walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliofanya kunyoosha viungo tu. Kwa hiyo haikudhuru yenyewe, inakudhuru namna unavyoifanya. Mtu wa karate namjua, amezoea kukaa chini sana. Simama juu, punguza hatua, goti lisipite vidole vya mguu na lielekee viliko vidole. Maumivu yakilala na wewe mpaka kesho yake, ujue ulizidisha. Likivimba au likikwama usisubiri, rudi kwa daktari wako.

Mama Mwani

Mwanangu mimi nauguza watu miaka mingi Tanga na sasa nimestaafu. Hilo la watu kukutazama lisikusumbue. Mimi Muislamu, naswali alfajiri kisha ndo natoka, na katika hii tai chi sikuona neno la kutamka wala kitu cha kuabudiwa, ni mwili na pumzi. Mwanzo majirani walinitazama dirishani, nikamkaribisha mmoja mwenye presha asimame tu na mimi ajaribu kuhamisha uzito mguu huu mguu huu, leo tuko sita. Huyo mzee aliyekuuliza kwa upole mjibu kwa upole, mwambie karibu baba.

GojuWaKinondoni

Ahsanteni sana, mama ushauri wako nimeupokea. AlfajiriBeijing umenifumbua macho, huko kusukumana mikono si ndo kakie yetu? Goju-ryu tunayo, wawili mnagusana vifundo mmoja anasukuma mwingine anapokea anarudisha. Na jina lenyewe, go ni ngumu, ju ni laini, nimewaandikia watoto ubaoni miaka yote, halafu mazoezi yangu yote nikayaweka kwenye go.

GojuWaKinondoni

Mrejesho wakuu baada ya wiki tatu. Nimehamia penye mchanga mgumu, nimevaa raba, nimesimama juu, na kila nikigeuka narudisha uzito nyuma kwanza. Siku ya kwanza niliona aibu ilivyo polepole, nikahesabu, fomu iliyokuwa inachukua dakika nne ikafika saba. Goti linauma kidogo nikipanda ngazi ila lile la mpaka mchana limekwisha.

Na yule kijana nilimpigia simu mwenyewe, akaja Jumapili. Tukagusanisha vifundo vya mikono, nikamwambia sukuma kweli. Akasukuma kwa bega lote, nikakaa mguu wa nyuma, nikageuza kiuno, akapita mbele yangu hatua mbili mpaka kwenye maji. Akageuka akanitazama, akasema sensei rudia. Tumerudia mpaka jua likawa kali. Yule mzee wa kukimbia alikuwa amekaa pembeni anaangalia, nikamkaribisha, akasema Jumamosi atakuja. Mwenye nafasi aliye Dar karibu, saa kumi na mbili kasoro tuko pale.