Tupeane uzoefu: kuhamisha kazi kutoka mfumo mmoja wa miradi kwenda mwingine

#1
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaotoka Trello kwenda Jira, Asana kwenda ClickUp, au njia nyingine yoyote. Majina ya kazi huhama bila taabu. Kinachopotea ni vile vinavyozishikilia: nani kapewa, ipi iko chini ya ipi, komenti, viambatisho, tarehe. Tuweke mambo mahsusi ili anayehama kesho asipoteze kumbukumbu za timu nzima.

Naanza. Kabla ya kuingiza chochote, tengeneza kwenye mfumo mpya sehemu ya ziada iitwe "namba ya zamani", na kila kazi ibebe kitambulisho chake cha kule ilikotoka. Bila hiyo, ukilazimika kurudia zoezi huwezi kujua ipi imeshaingia na ipi bado, na unaishia na kazi pacha mia kadhaa. Isitoshe, ndani ya maelezo ya kazi watu hutaja kazi nyingine kwa kiungo. Namba ya zamani ndiyo pekee itakayokuwezesha kuvibadilisha viungo hivyo baadaye.

#2
Mkuu, hiyo namba ya zamani ni uti wa mgongo, ila mtu awe macho na Excel. Kitambulisho cha kazi za Asana huwa na tarakimu 16, na Excel hutunza 15 tu. Chukua 1204567890123457. Ukifungua CSV (faili la jedwali la maandishi unalolitoa kwenye mfumo wa zamani) kwa kubofya mara mbili, kwenye seli utaona 1.20457E+15, na ukihifadhi, hicho hicho ndicho kinachoandikwa kwenye faili. Kazi zote za kipindi kimoja zinageuka kuwa na namba moja! Ukijaribu kubadili seli iwe namba ya kawaida, utapata 1204567890123450: ile 7 ya mwisho imeshakuwa 0 na hairudi. Hapo kazi ndogo zote zinakosa kazi mama, maana huunganishwa nazo kwa namba hiyo.

Dawa yake: usibofye faili. Fungua Excel tupu, ingia kwenye menyu ya data, leta faili la CSV kutoka huko, na safu ya vitambulisho uipe aina ya maandishi kabla ya kupakia. LibreOffice hukuuliza yenyewe aina ya kila safu wakati wa kufungua. Hapo hapo chagua UTF-8 (namna ya kuandika herufi kwenye faili), la sivyo herufi zenye alama na emoji zitageuka takataka.

Na faili la asili lisiguswe kamwe. Fanyia kazi nakala.

#3
Kwa wanaotoka Trello: faili la JSON (data kwa maandishi) unalolipakua kwenye menyu ya ubao (mradi; kazi moja huitwa kadi) lina matukio 1000 ya karibuni tu. Komenti zimo humo humo ndani ya matukio, aina yake ni commentCard, zikichanganyika na kila mara mtu alipohamisha kadi. Ubao wenye pilikapilika unamaliza hizo 1000 upesi, kwa hiyo komenti za zamani hazimo na hakuna onyo lolote. Njia salama ni kuzivuta kwa API (mlango ambao programu huombea data Trello), kadi moja moja. Kikomo ni maombi 100 kwa kila sekunde 10 kwa tokeni moja (msimbo wa siri unaokutambulisha). Ukipata jibu la 429 (umezidisha maombi), skripti (programu ndogo inayofanya kazi hiyo) isubiri kisha iendelee pale ilipoishia, isianze upya.

Pia kadi zilizowekwa kwenye kumbukumbu zimo kwenye faili hilo zikiwa na closed: true. Usipozichuja, zitafufuka upande wa pili kama kazi hai.

#4
Na viambatisho? Mtu akiweka viungo vya Trello kwenye CSV, Jira haiwezi kuvivuta yenyewe?

#5
Haiwezi, mkuu. Faili zilizopakiwa Trello hazipakuliki bila ufunguo na tokeni kwenye kichwa cha ombi, na Jira haina tokeni yako. Zipakue kwanza kwa skripti, kisha zipandishe upya kwa API ya Jira ukitumia ile namba ya zamani kujua faili ni la kazi ipi. Vile ambavyo isUpload yake ni false ni viungo vya kawaida tu. Viweke kwenye maelezo.

CSV ya Jira nayo ina mambo yake. Lebo tatu zinahitaji safu tatu zenye kichwa kile kile, na lebo isiwe na nafasi ndani. Komenti moja inaandikwa kwenye seli moja kwa mpangilio wa tarehe, mwandishi, maneno, ikitenganishwa kwa nukta-mkato. Makadirio ya muda yawe sekunde: saa 2 ni 7200. Kwenye muundo wa tarehe andika dd/MM/yyyy, maana mm ndogo ni dakika, na ukikosea hapo miezi yote inaharibika. Tumieni njia ya msimamizi wa mfumo; ile ya mtumiaji wa kawaida inakomea kazi 250 kwa mara moja. Mwishoni hifadhi faili la mipangilio ili mara ya pili usioanishe safu upya.

#6
Naongeza kuhusu tarehe. Trello huandika ukomo wa kazi kwa saa za UTC (saa za kimataifa), mfano 2025-03-14T21:00:00.000Z. Kwa timu iliyo saa 3 mbele ya UTC, huo ni saa 6 usiku wa kuingia tarehe 15. Skripti inayochukua herufi 10 za mwanzo tu itaandika tarehe 14, na kila kazi ya aina hiyo itaonekana imechelewa siku nzima. Badili saa kwanza, ndipo uchukue tarehe.

Watu huoanishwa kwa barua pepe. Aliyeondoka kwenye timu hana akaunti mpya, hivyo kazi zake huingia bila mwenyewe. Jina lake liandike kwenye maelezo. Na tafadhali, zima notifikesheni kabla ya kuingiza. Kazi 800 zikiingia na arifa zikiwa wazi, watu watazizima wenyewe na hawataziwasha tena.

#7
Mpangilio unaofaa ni huu. Chagua kazi 20 zilizo ngumu kuliko zote: yenye kazi ndogo, yenye komenti nyingi, yenye jedwali kwenye maelezo, yenye faili kubwa. Ziingize kwenye mradi wa majaribio, uzikague moja moja kwa macho. Zikikaa sawa, funga mfumo wa zamani ubaki wa kusoma tu, toa faili jipya, ingiza kazi mama kwanza, kisha ndogo, kisha utegemezi kati yao, mwisho komenti na viambatisho. Hesabu kila hali pande zote mbili. Kama "zinazoendelea" zilikuwa 143, ziwe 143.

Kazi zinazojirudia kila wiki na zile kanuni za kujiendesha hazimo kwenye CSV kabisa. Ziorodheshe kwa mkono na uziunde upya, lakini usiziwashe mpaka uingizaji uishe, maana kanuni ya "kazi mpya apewe fulani" itamrundikia mtu mmoja kazi zote zilizoingia.