Albamu ya Breach ya Twenty One Pilots: kuchanganya mitindo ni ufundi, au ni kukosa mwelekeo?

Mkazi wa Uyole
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Tangu Twenty One Pilots, kundi la Marekani la mwimbaji Tyler Joseph na mpiga dramu Josh Dun, walipotoa albamu ya Breach tarehe 12 Septemba 2025, sijasikiliza kitu kingine kwa utulivu. Ina nyimbo 13, nami huzisikiliza kwa mfululizo nikiwa kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa; malori yakiziba barabara, hufika nikiwa nimekwisha kupita nusu. Kinachonivutia ndicho kinachomkera kaka yangu. Tyler Joseph anaweza kuanza kwa kughani, akahamia kuimba taratibu juu ya piano, kisha Josh Dun akateremsha dramu nzito za roki, na kabla hujatulia Joseph anapiga ukelele wa kukwaruza koo. Kaka ana gereji na amekulia katika Bongo Fleva ya miaka ya 2000. Juzi alizima spika, akafuta mikono yenye grisi, akasema kwamba hao ni wapishi wawili waliotia kila kiungo walichokikuta jikoni. Nilikosa jibu, na hilo limeniuma kuliko maneno yenyewe. Mnaowafuatilia, nini hasa kinachoishikilia albamu hii isisambaratike?

Mpiga Dramu wa Kihesa
Mdogo wangu, mimi huwapigia dramu wanakwaya wa kanisani kwetu hapa Iringa, kwa hiyo pengine navutia upande wangu, lakini jibu langu ni dramu. Mwimbaji anapobadili mtindo, msikilizaji hupotea endapo na mapigo yatabadilika papo hapo. Dun hushikilia kitu kimoja, mara nyingi ngoma ya mguuni, huku mikono yake ikianza kuashiria kule wimbo unakoelekea, hivyo badiliko linapofika mwili wako umekwisha kulipokea. Mtu asiyepiga chombo hawezi kujua ugumu wa jambo hilo; sisi kwaya yetu ikitoka kwenye wimbo wa taratibu kuingia kwenye sebene, nusu ya waimbaji hubaki nyuma. Kundi hili Joseph alilianzisha mwaka 2009 mjini Columbus, Ohio, pamoja na wenzake wengine wawili, na Dun aliingia mwaka 2011 wakati hao wawili walipoondoka. Watu wawili tu wanapobaki jukwaani, hakuna pa kujificha. Mpe kaka yako asikilize Drum Show, ambamo Dun mwenyewe, aliyezoeleka kukaa kimya nyuma ya dramu zake, anaimba.

Mwalimu, Tukuyu
Nakubaliana na ndugu wa Kihesa, ila ningeanzia kwa kaka mwenyewe. Hiyo Bongo Fleva aliyokulia ilizaliwa pale vijana walipochukua hip hop na R&B za Marekani, wakazitia Kiswahili pamoja na ladha za taarab na dansi; na dansi nayo ilikuwa imekwisha kujifunza rumba kutoka kwenye santuri za Kuba. Anayedai muziki usiochanganywa atafute kwanza aliousikia wapi.

Jambo la pili ni kisa. Breach inafunga hadithi iliyoanza katika albamu ya Blurryface ya mwaka 2015, jina ambalo Joseph aliipa hofu na mashaka yake mwenyewe, hata akawa akijipaka rangi nyeusi shingoni na mikononi anapopanda jukwaani. Katika albamu ya Trench ya mwaka 2018 hofu hiyo ikajengewa mji uitwao Dema, wenye maaskofu tisa wanaowazuia watu kutoka, na mfungwa mmoja, Clancy, anayetoroka na kurudishwa. Ukiufahamu mji huo, utaona kwamba sauti ya Joseph huhama pale anayezungumza anapobadilika: anayetoroka, anayejidanganya, anayekata tamaa. Mtu mwenye mashaka hazungumzi kwa sauti moja siku nzima.

Msikilizaji wa Makambako
Mwalimu, kwa heshima, hoja yako ndiyo inayonipa tabu. Albamu inayohitaji miaka kumi ya maelezo inamfungia mlango mgeni. City Walls, wimbo wa kwanza, unarudisha maneno ya Holding on to You kutoka albamu ya Vessel ya mwaka 2013. Anayeukumbuka wimbo huo anasisimka, na asiyeukumbuka anasikia maneno tu. Kwa sisi ambao Kiingereza tumejifunza darasani, kughani kwa kasi namna ile hutupita. Muziki wenyewe siupondi, ila katikati ya albamu naona mabadiliko mawili matatu yaliyowekwa kwa mazoea.

Mkazi wa Uyole
Nawashukuru nyote, na ndugu wa Makambako umenionyesha kosa langu: nilimwanzisha kaka mwishoni mwa hadithi. Jana jioni nilirudi gereji na Ride, ule wimbo wao wa mwaka 2015 wenye mapigo ya rege. Aliusikiliza akiwa chini ya pikapu, miguu tu ikionekana, na kiatu kimoja kikawa kinafuata mapigo. Alipotoka aliuliza kama wana nyingine za namna hiyo. Mwalimu, je, nimpeleke kwanza Vessel, yenye ule wimbo wa ukulele (gita dogo la nyuzi nne), House of Gold, au niingie moja kwa moja Trench? Bando langu linatosha albamu moja wiki hii.

Mwalimu, Tukuyu
Vessel. Trench mngoje hadi atakapouliza Dema ni wapi.