Mjadala: Hivi kompyuta ya nyumbani inahitaji kweli kupozwa kwa maji?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila anayeunga kompyuta ya mezani siku hizi anaambiwa maneno yaleyale: ukinunua prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta) ya maana halafu ukaweka hitsinki ya feni, umejipunja. Mimi napinga. Naweka hoja yangu hapa, mwenye ya kuivunja aivunje.

Kwanza tuelewane tunabishania nini. Upande mmoja kuna hitsinki ya mnara: kitako cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, mirija inayopanda kutoka kwenye kitako hicho, mapezi ya alumini, na feni moja au mbili. Upande wa pili kuna mfumo wa maji uliofungwa kiwandani: pampu na kitako chake juu ya prosesa, mipira miwili ya kupitisha maji, na rejeta, yaani kile kipoza maji chenye mapezi, yenye feni zake. Huu haufunguliwi wala hauongezwi maji. Wale wanaojijengea mifumo yao yenye tangi na mabomba ya kukunja wenyewe, hiyo ni burudani yao na siwaingilii.

Joto lote, lipite kwenye shaba au kwenye maji, mwisho wa safari linatupwa kwenye hewa ya chumba. Hakuna kimoja kati ya hivi viwili kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba chako. Tena anayedharau hitsinki kwa kuiita "hewa tu" ajue kwamba ndani ya ile mirija nako kuna maji, kidogo sana, yaliyofungwa kwenye shinikizo la chini. Kwenye kitako yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa na kuwa maji tena, kisha kuta za ndani zenye vinyweleo zinayafyonza hadi yalikotoka. Yanazunguka hivyo miaka na miaka bila pampu wala umeme. George Grover aliifanyia kazi mbinu hii Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na hadi leo haijapata mshindani kwa bei yake.

Sasa njooni kwenye wati. Ryzen 7 7800X3D ya AMD, ambayo wacheza gemu wanaipenda, imeandikwa wati 120, lakini kwenye gemu mara nyingi haifiki hata 80. Prosesa za AMD zinazoitwa za wati 65 zina kikomo cha wati 88. Mnara wenye mirija sita unabeba mzigo huo huku feni zikizunguka polepole. Mtu anieleze, rejeta ya milimita 360 inakwenda kufanya kazi gani hapo?

Mhariri wa video

Mkuu, umejichagulia prosesa zinazokubeba. Hata mimi nikichagua za kwangu nitashinda.

Chukua Core i9-14900K ya Intel. Kikomo chake rasmi cha juu ni wati 253, na kuna mazabodi (bodi kuu prosesa inapochomekwa) zilizokuwa zikitoka kiwandani zimekiondoa kabisa kikomo hicho. Ryzen 9 7950X inaruhusiwa wati 230. Mimi kazi yangu ni kurenda video, yaani kuitengeneza video iliyohaririwa iwe faili kamili, na hiyo haifanani na gemu ambapo prosesa inapumua kila inapoisubiri kadi ya picha. Hapa viini vyote, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, vinapigwa asilimia mia moja, mfululizo, hadi faili liishe. Ukiiweka i9 hiyo chini ya mnara, hata ule mkubwa kabisa, nyuzi 100 haziko mbali, na prosesa ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe. Ukiwa kazini hilo unaliona kwenye saa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa feni huwa wanaliruka. Ukilinganisha ujazo kwa ujazo, maji yanabeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa. Ukifungua programu nzito kwa sekunde chache, maji yanalimeza lile joto na feni hazishtuki. Kwenye mnara mdogo feni zinapaa, zinashuka, zinapaa tena. Kelele inayopanda na kushuka inakera kuliko kelele ya kudumu. Waulizeni wanaorekodi sauti kwenye chumba hichohicho ilipo kompyuta.

Fundi

Ngoja nitie neno, maana nyote wawili mnasoma kipimajoto bila kuuliza joto limekwama wapi.

Ndani ya Ryzen 9 7950X, viini vya kazi vimo kwenye vipande viwili vya silikoni, kila kimoja karibu milimita 70 za mraba. Hiyo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Joto la kila kipande lazima litoke kupitia sehemu hiyo ndogo, lipite kwenye lehemu iliyokishikilia, lipite kwenye kifuniko cha chuma, lipite kwenye pesti (ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa kati), ndipo lifike kwenye kifaa chako cha kupoza. Foleni iko huko ndani. Unaweza kuweka rejeta kubwa kuliko kasha lenyewe, na bado foleni haitapungua sana. Ndiyo maana kwenye prosesa kama 7800X3D mtu anatoa mnara mzuri, anaweka maji yenye rejeta ya 360, halafu anashangaa tofauti ni nyuzi chache tu. Intel zenye silikoni kubwa zaidi zinazonyonya wati nyingi ndizo zinazofaidi maji waziwazi.

Halafu 7950X imetengenezwa ipande mpaka nyuzi 95 ikiwa na mzigo mzito. AMD wenyewe walilisema hilo ilipotoka mwaka 2022. Ukiipoza vizuri zaidi inaongeza kasi mpaka igonge 95 tena. Kwa hiyo anayekuja hapa na picha ya kipimajoto ya nyuzi 95 akidai hitsinki yake ni mbovu, kwanza aangalie kasi ya viini na wati zilizotumika.

La mwisho kuhusu vipimo, na hili linanikera sana. Maji yanachelewa kupata moto. Ukiwasha mzigo, kwa dakika kadhaa za mwanzo unapima maji ambayo bado ni baridi. Yanahitaji hata nusu saa mpaka joto linaloingia lilingane na linalotoka. Mnara unatulia mapema zaidi. Sasa mtu anaendesha jaribio la dakika tano, anaandika kwamba maji yameshinda kwa nyuzi kumi na tano. Mrudishe aache mzigo nusu saa, uone hiyo kumi na tano inabaki ngapi.

Mleta mada

Fundi umenena. Naongeza upande wa kuharibika, kwa sababu huko ndiko mimi ninakosimama zaidi.

Feni ya mnara ikifa unafungua klipu mbili, unaweka nyingine ya ukubwa huohuo, umemaliza. Kipande cha chuma kilichobaki hakina cha kuharibika. Mfumo wa maji una pampu inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, muda wote kompyuta ikiwa imewashwa. Ikifa, mfumo mzima unakwenda jalalani pamoja na rejeta isiyo na kosa lolote. Halafu maji yenyewe yanapungua taratibu kwa kupenya kwenye mipira, hata kama hakuna tone lililodondoka.

Na msiseme kuvuja ni hadithi za kale. Apple waliweka maji kwenye Power Mac G5 mwaka 2004, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja. Mwaka 2022 Arctic, watengenezaji wa vipozaji, walitangaza wenyewe kwamba baadhi ya mifumo yao ya maji ya Liquid Freezer II zilikuwa na gasketi inayoweza kuila shaba ya kitako mpaka maji yatoke, wakatoa vifaa vya kurekebishia bure. Hao ni watengenezaji makini. Je, wasio makini?

Mhariri wa video

Umeusema mfano ukaacha nusu yake. Hao hao Arctic wanatoa dhamana ya miaka 6 kwa Liquid Freezer III, sawa na miaka 6 ambayo watengenezaji wa hitsinki Noctua wanatoa kwa hitsinki zao. Mtu haweki dhamana ndefu hivyo kwenye kitu anachojua kitamrudia. Ikifika miaka 6 mimi nitakuwa nimeshabadilisha mazabodi na prosesa.

Pampu ikifa, tena, prosesa haiungui. Inajipunguza kasi, ikizidiwa inazima kompyuta. Unapoteza siku ya kazi, na hilo silipuuzi, lakini tusitishane.

Mpenda gemu

Mimi niseme lile ambalo wote mnalikwepa: nilinunua maji kwa sababu yanapendeza. Kasha langu lina kioo. Sitaki kuchungulia nikaona tofali la chuma limefunika RAM (vijiti vya kumbukumbu) zote. Hilo nalo ni sababu, na hela ni yangu.

Ila hata ukiacha urembo, hitsinki ya mnara ya NH-D15 ya Noctua ina uzito wa kilo 1.3 na feni zake, na kimo cha milimita 165. Makasha mengi hayaufungi mlango na kimo hicho. Ukisafirisha kompyuta lazima uing'oe, la sivyo uzito wote huo unaning'inia kwenye mazabodi njia nzima. Rejeta imefungwa kwenye kasha kwa skrubu, haina habari na mtikisiko.

Mleta mada

Urembo sibishani nao, na kwenye uzito una haki. Ila wewe ni mcheza gemu, na joto lako haliko kwenye prosesa. Kadi kama RTX 4090 ina kikomo cha wati 450. Joto hilo lote linamwagwa ndani ya kasha, kisha wewe umeweka rejeta juu ambapo hewa yake ya kupozea ni ileile iliyotoka kwenye kadi. Ukiihamishia mbele, prosesa inapata hewa safi lakini kadi inapuliziwa hewa iliyopashwa. Chagua nani aumie. Mwenye mnara naye anaumia, ila angalau feni yake inaipuliza pia mazabodi pale vinapokaa vipande vya umeme kando ya prosesa. Ukiweka maji, sehemu hiyo inakosa upepo, ndiyo sababu baadhi ya mifumo ya maji inakuja na kifeni kidogo kwa ajili yake.

Fundi

Kwa kuwa rejeta ya mbele imetajwa, hapa ndipo ninapokuta makosa mengi. Kila mfumo wa maji una hewa kidogo ndani, na inaongezeka kadiri maji yanavyopungua. Hewa inapanda juu. Kama pampu ndiyo iko juu kuliko kila kitu, hewa inakaa humo, pampu inalia kama inagugumia, na maisha yake yanakuwa mafupi. Rejeta ikiwa juu ya kasha, hewa inabaki kwenye rejeta na hakuna shida. Ikiwa mbele, hakikisheni ncha yake ya juu imepita kimo cha pampu, na ikiwezekana mipira itokee chini.

Na namna ya kujua pampu imekufa: washa, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla mfumo haujafunguka), usubiri kidogo. Namba inapanda 70, 80, 90, nawe hujafungua kitu chochote. Shika mpira mmoja, shika wa pili. Gusa rejeta. Ikiwa rejeta ni baridi kabisa wakati prosesa inakaribia 100, maji hayazunguki. Wengi wakifika hapo wanakimbilia kubadilisha pesti.

Mgeni

Samahanini wakubwa zangu, nimekuwa nikisoma tu. Nina Core i9 ya kizazi cha 14, inakwama kwenye gemu na kujizima. Nimeshauriwa ninunue maji. Ni kweli itapona?

Fundi

Usinunue chochote bado. Prosesa za Intel za meza za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la kuomba volti kubwa kupita kiasi, na zikaanza kudhoofika. Intel walitoa marekebisho Agosti 2024, yanakuja kupitia BIOS, na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisha BIOS kwanza. Ikiwa prosesa imeshaumia, marekebisho hayairudishi, idai dhamana. Maji hayatibu volti.

Ukiwa humohumo kwenye BIOS, rudisha kikomo cha wati kiwe kile rasmi, au hata ukishushe mpaka 125. Kwenye gemu huenda usione tofauti. Hilo halina gharama na linazidi rejeta yoyote.

Mhariri wa video

Kwenye gemu, sawa. Kwenye kurenda kushusha mpaka 125 ni kutupa prosesa niliyoilipia. Hapo fundi hatuelewani, na hatutaelewana.

Mgeni

Asanteni sana. Swali la mwisho, hili ni la mdogo wangu. Ana Ryzen ya wati 65, kasha lake dogo linapokea hitsinki isiyozidi milimita 135, ila linasema rejeta ya 240 inaingia juu. Aende wapi?

Mpenda gemu

Maji. Kasha limeshakujibu.

Mleta mada

Kwa wati 88? Ipo minara mifupi yenye feni ya milimita 92 inayoingia kwenye nafasi hiyo na inatosha. Maji hapo ni kununua pampu usiyoihitaji.

Fundi

Kabla hamjampeleka popote: "inaingia juu" ya kwenye karatasi isikudanganye. Rejeta nyingi zina unene wa milimita 27, feni 25, jumla 52. Fungua ubavu, pima kutoka dari la kasha mpaka ncha ya juu ya RAM na ya vile vipoza joto vya mazabodi. Ikipungua 52, habari imeisha, aweke mnara mfupi. Ikitosha, tuletee namba hiyo pamoja na aina ya kadi ya picha, tuendelee.