Walimu wa hoteli, ari mnaitoa wapi miaka yote hii?

Wadau, huu ni mwaka wangu wa 14 nafundisha huduma za chakula na vinywaji. Jana nilikuwa naonyesha kukunja leso za mezani, nikashtuka: mikono inafanya kazi yenyewe, akili iko mbali. Mwanafunzi akauliza kwa nini glasi hukaa juu ya ncha ya kisu. Nikamjibu, "Ndivyo ilivyo." Niliona aibu! Waliotangulia, mlipitaje hapa?

Jibu la 1
Pole mwenzangu. Mimi mwaka wa 9 nilikuwa nachapisha maelezo yaleyale, nabadili tarehe tu. Likizo moja nikaomba zamu za usiku mapokezi hotelini, wiki 4. Mfumo wao wa kupokea nafasi za vyumba sikuujua kabisa. Aliyenielekeza ni mwanafunzi wangu wa zamani. Iliniuma, ila nilirudi darasani na visa vya kweli.

Jibu la 2
Semina za hamasa hazinisaidii hata chembe. Wanasaikolojia Deci na Ryan wanataja mahitaji matatu yanayojenga ari: uhuru wa kuamua, kujiona unaweza, na kuwa karibu na watu. Sisi tunakwama kwenye la kwanza, mtaala unashushwa tu kutoka juu. Omba somo moja ulitunge mwenyewe.

Muuliza swali
Asanteni. Barua ya kuomba zamu nimeshaipeleka. Na yule kijana nimemjibu leo: wengi hunyanyua glasi kwa mkono wa kulia. Kaniuliza, "Na wa mashoto je?"