Mrejesho: ile redio ya Boston iliyokataa kushika Kisumu

Wasee mnakumbuka niliuliza mbona ile redio ndogo ya Boston niliyozoea kusikiliza mtandaoni nikisoma huko inaniandikia "haipatikani eneo lako" tangu nirudi Kisumu? Basi simu haina shida na bando pia iko sawa. Niliwaandikia imeili wakajibu eti leseni ya muziki wanalipia Marekani pekee, so wakiona IP yangu (namba ya mtandao inayoonyesha uko nchi gani) ni ya Kenya wanafunga. Kumbe hata Uingereza iko hivyo, korti iliamua dhidi ya TuneIn, app ya kusikiliza redio mtandaoni, 2019 na mwaka uliofuata TuneIn ikawafungia wasikilizaji wa huko stesheni za nje. VPN (app ya kuficha uko nchi gani) ilishika kidogo ikakatika, ikanilia bando bure. Afadhali vipindi vya mazungumzo wanaweka kama podkasti, hizo zinafunguka poa.