Mjadala: Matokeo ya shule zetu mbili yabandikwe ubao mmoja?

Mdau wa Elimu: Mji una shule mbili tu za umma, tunazoziita ya juu na ya chini. Napendekeza ufaulu na mahudhurio ya zote mbili yabandikwe pamoja kila mwaka, mzazi alinganishe mwenyewe. Shule ya juu inaongoza mfululizo, na tusifichane: wazazi wa shule ya chini hawafuatilii watoto.

Mama Pacha: Hawafuatilii? Madaftari ya wanangu nayakagua kila usiku, hata nikirudi nimechoka hoi. Futa kauli.

Hesabu Haidanganyi: Jamani, watahiniwa wakiwa 20, mmoja akifeli ufaulu umeshuka asilimia 5. Watatu wakiugua wiki ya mtihani, shule nzima inaonekana imeoza. Tuchukue angalau wastani wa miaka mitatu.

Mdau wa Elimu: Visingizio. England wanachapisha tangu miaka ya 80 na shule zao hazijafa.

Msomaji Mkimya: Ni 1992, ndugu. Wales wao wakaacha 2001, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walipolinganisha pande hizo mbili, matokeo ya Wales yalikuwa yamerudi nyuma. Hoja ya kubandika ina uzito kuliko unavyoitetea.

Mama Pacha: Ya Wales baadaye. Kauli bado haijafutwa.

Chaki Mkononi: Mimi nafundisha shule ya chini. Kila mwaka wa mtihani ukikaribia, mzazi wa mtoto dhaifu huko juu anaitwa na kushauriwa amhamishe. Anakuja kwetu, anafelia kwetu, wao wanapongezwa. Hilo nalo mtalibandika?

Mdau wa Elimu: Mwalimu, anza na rejista zenu. Zinajazwa Ijumaa mchana, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, vema juu ya vema.

Chaki Mkononi: Hiyo ni kashfa! Naita majina kila asubuhi kabla sijagusa ubao. Wewe umewahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja?

Hesabu Haidanganyi: Hata rejista ikiwa safi, wastani unaficha. Darasa la 20: watoto 16 hawakosi kamwe, wanne wanakosa robo ya mwaka. Mahudhurio yanasomeka asilimia 95, tunapiga makofi, na wale wanne wanapotea hivihivi. Hesabuni watoto waliokosa zaidi ya siku moja katika kila kumi. Hao ndio wa kufuatwa nyumbani.

Mdau wa Elimu: Mwalimu hajajibu kuhusu Ijumaa.

Chaki Mkononi: Nimejibu. Kwangu haitokei.

Mama Pacha: Mdau, mimi na wewe bado hatujapatana. Lakini kwa hili la rejista, Mwalimu wangu, nashindwa kunyamaza. Mmoja wa mapacha wangu alilala na homa siku nne. Ripoti ikaja imeandikwa hakukosa hata siku moja. Nilifurahi kuiona safi, nikakaa kimya, na kimya hicho kinaniuma mpaka leo. Sisemi ni wewe. Nauliza tu: siku zile nne, jina la mwanangu lilipoitwa, nani aliitika?